Mutisya wa Munge: Mchongaji Aliyeifundisha Wamunyu



Katika kijitabu hiki cha yubilei mtasoma habari za kwaya yetu, nyimbo zake na wale walioilea tangu mwanzo. Pamoja na habari hizo tumeona vema kuweka wasifu wa mtu ambaye hajulikani kwa kuimba, bali kwa kuchonga. Ukitaja Wamunyu mbele ya mgeni aliye mbali, jambo la kwanza atakalokumbuka ni vinyago. Jina la kijiji hiki lilivuka bahari likiwa juu ya twiga, swala na vijiko vya mbao. Mtu aliyelianzisha jambo hilo ni Mutisya wa Munge, na wengi wanaopita kila siku kando ya vibanda vya wachongaji hawajawahi kuambiwa habari zake kwa utaratibu.

Tunazisimulia leo kwa sababu kwaya na karakana ni ndugu. Zote mbili huishi kwa kufundishwa. Wimbo usiofundishwa hufa na mwimbaji wake, na ufundi usiofundishwa huzikwa na fundi. Mutisya alipata ufundi mbali na nyumbani, kwa watu wasiokuwa wa kabila lake, akaurudisha na kuuacha mikononi mwa wengine.

Nchi aliyotoka

Wamunyu iko upande wa mashariki ya mji wa Machakos, kando ya barabara inayokwenda Kitui. Ni nchi kavu. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na mara nyingi huja kidogo au isije kabisa. Mahindi yakikauka, mtama na mbaazi hujaribu kusimama, na watu huangalia mifugo na mikono yao. Watu wa rika la Mutisya walikua wakati wazee wao walipokuwa bado wakisimulia njaa kubwa ya mwisho wa karne ya 19, ile inayoitwa Yua ya Ngomanisye, iliyoua watu na mifugo kote Ukambani. Mtoto aliyelelewa na simulizi za njaa hujifunza mapema kwamba shamba peke yake si tegemeo.

Lakini nchi hii haikuwa maskini wa mikono. Muda mrefu kabla ya Wazungu kufika, Wakamba walijulikana kwa ustadi wao. Wahunzi walivuta waya mwembamba wa shaba na kuufuma kuwa minyororo laini iliyotamaniwa na majirani. Mafundi wa mbao walichonga viti vya wazee vyenye miguu mitatu, wakapamba uso wa kiti kwa waya wa shaba uliogongwa ndani ya mbao mpaka ukafanya michoro ya duara na ya nyota. Walichonga vijiko, mizinga ya nyuki, mishale, fimbo na vichupa vya tumbaku. Vibuyu vilichorwa kwa ncha ya kisu. Kila chombo kilikuwa na kazi yake, na uzuri wake uliwekwa ndani ya kazi hiyo.

Jambo moja la kukumbuka ni kwamba ufundi huo wa zamani haukuwa wa sanamu za kuuzwa. Mtu alichonga kiti kwa sababu mzee alihitaji kukalia, na fimbo kwa sababu kulikuwa na mkono wa kuishika. Hapakuwa na soko la mnyama wa mbao wa kuwekwa mezani aangaliwe. Mutisya alizaliwa katika ustadi huo, na inasimuliwa kwamba kabla ya vita alikuwa tayari ameonyesha mkono wake katika mbao. Basi alipoondoka kwao alikuwa na macho ya kuiona kazi ya fundi mwingine na kuielewa.

Tena Wakamba walikuwa watu wa safari. Katika karne ya 19 misafara yao ilibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka Mombasa, ikarudi na nguo, shanga na shaba. Njia ya kutoka na kurudi na kitu cha kuuza walikuwa wakiijua zamani. Tutaona jinsi njia hiyo ilivyotumika tena, safari hii ikibeba mbao zilizochongwa.

Vita vya mataifa mengine

Mwaka 1914 Waingereza na Wajerumani walianza kupigana Ulaya, na moto ukaruka mpaka kwetu, kwa kuwa Kenya ilikuwa chini ya Uingereza na Tanganyika ilikuwa koloni la Ujerumani. Jenerali wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwahangaisha Waingereza kwa miaka minne, akirudi nyuma kuelekea kusini huku akipigana. Hapakuwa na barabara za magari za kutosha, na farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Basi chakula, risasi na wagonjwa vilibebwa kwa vichwa na mabega ya Waafrika.

Mwaka 1917 serikali ilikusanya wanaume kwa wingi sana kutoka wilaya za Kenya. Aliyesimamia kazi hiyo ni John Ainsworth, ambaye wazee wa Machakos walimfahamu tangu miaka ya 1890 alipokuwa afisa wa hapa. Makumi ya maelfu ya wabebaji hawakurudi. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa. Majina ya Kariokor huko Nairobi na Kariakoo huko Dar es Salaam ni kumbukumbu yao, maana yametokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wabebaji. Watu wananunua nguo na mboga katika masoko hayo, na wachache wanakumbuka kwamba ni jina la msiba.

Mutisya wa Munge alikuwa mmoja wa wanaume wa Ukambani waliojikuta Tanganyika katika vita hivyo. Hakwenda kutafuta elimu. Vita hivyo havikuwa vyake. Lakini Mungu humwonyesha mtu jambo jema hata mahali ambapo hakuchagua kwenda, na huko ndiko alikokutana na wachongaji waliobadilisha maisha yake.

Aliyoyaona huko

Hapa tusimame kidogo, kwa maana ndipo historia inapohitaji macho makini. Watu wengi husimulia kwamba Mutisya alifundishwa na Wamakonde. Ni rahisi kuamini hivyo, kwa sababu Wamakonde wa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji ni mabingwa wa mpingo, na jina lao leo linajulikana duniani kote. Lakini watafiti waliokuja Ukambani katika miaka ya 1950, wakati wachongaji wa mwanzo walikuwa bado hai, waliandika kwamba watu aliokutana nao ni Wazaramo, wenyeji wa pwani na nyanda zinazouzunguka mji wa Dar es Salaam.

Wazaramo nao walikuwa na uchongaji wao wa tangu kale. Walichonga mwana hiti, kinyago kidogo cha mtu chenye kichwa na kiwiliwili bila mikono wala miguu, ambacho mwali alikaa nacho wakati wa unyago. Walichonga fimbo za wakuu zenye umbo la mtu juu yake, na nguzo zilizosimamishwa makaburini. Mji wa Dar es Salaam ulipokua chini ya Wajerumani, walikuja wageni waliopenda kununua vitu hivyo. Baadhi ya wachongaji wa Uzaramo wakaanza kuchonga sanamu za watu kwa ajili ya wageni tu, wala si za unyago wala za kaburi.

Kwa fundi kutoka Wamunyu hayo yalikuwa mambo mawili mapya kwa pamoja. Kwanza aliona mpingo ukichongwa. Mti huo kwa nje una mbao nyeupe zisizo na thamani kubwa, lakini ukiufungua ndani una moyo mweusi, mgumu kama chuma, unaong'aa ukisuguliwa. Pili aliona kwamba umbo la kiumbe, mtu au mnyama, linaweza kuwa kazi kamili yenyewe, bila kuwa mguu wa kiti wala kichwa cha fimbo. Aliangalia, akajifunza namna ya kuligawa gogo, mahali pa kuanzia kichwa, na jinsi ya kuacha mbao za kutosha kwa mkono au pembe.

Tafakari jambo hili, mpendwa msomaji. Wenye mali walikuwa Wazaramo. Mwanafunzi alikuwa mtu wa kabila jingine, aliyeletwa na jeshi lililokuwa likipita katika nchi yao na kula chakula chao. Walikuwa na kila sababu ya kumfukuza. Hata hivyo ufundi ulivuka kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Sisi wa Wamunyu tuna deni kwa watu wa Uzaramo, na ni vizuri kulitamka, hasa katika siku ya shukrani kama hii.

Kurudi nyumbani

Vita vilikwisha Novemba 1918. Mutisya akarudi Wamunyu. Wanaume wengi waliorudi walikuwa na magonjwa, na wengine walikuta mashamba yamekuwa kichaka. Kodi ya kichwa na ya nyumba ilidaiwa kwa fedha, na fedha zilipatikana kwa kuuza ng'ombe au kwenda kufanya kazi kwa walowezi na mjini Nairobi.

Mutisya alikaa chini akaanza kuchonga kama alivyoona. Alikuwa na shoka, tezo na kisu, vifaa ambavyo wahunzi wa Ukambani walijua kuvitengeneza. Miti ilikuwepo porini. Alichonga maumbo ya watu na ya viumbe, akayauza kwa Wazungu: maafisa wa serikali, walowezi na wasafiri waliopita. Walinunua. Habari hiyo peke yake ilikuwa ya ajabu kijijini, kwamba mtu ameketi chini ya mti nyumbani kwake na kipande cha mbao, na mwisho wa siku ana fedha za kodi bila kuuza ng'ombe wala kwenda shambani kwa mlowezi.

Hatuna budi kuona pia kilichobadilika katika kazi yenyewe. Mutisya hakuchonga mwana hiti, kwa kuwa Wakamba hawakuwa na unyago wa namna ile. Alichukua njia ya kazi akaiacha ile maana ya wenyeji. Baada yake wachongaji wa Wamunyu walijaza ufundi huo kwa vitu wanavyovijua wenyewe: swala wa nyika, twiga, ndovu, kifaru, mzee mwenye mkongojo, mwanamke aliyebeba kuni, Mmasai na mkuki wake. Ndivyo sanaa inavyohama. Ikifika nchi mpya huvaa nguo za wenyeji, na baada ya muda watoto hudhani ilizaliwa hapo.

Kufundisha

Jambo kuu katika maisha ya Mutisya ni kwamba kazi hiyo haikuishia kwake. Ilianza nyumbani, kwa wanawe na jamaa zake wa karibu, kama ilivyo kawaida ya fundi kulinda riziki yake. Kisha ikatoka nje ya ua ikawafikia majirani. Ufundi unaoleta fedha hauwezi kufichwa kwa muda mrefu kijijini, maana vumbi la mbao na mlio wa tezo havina siri. Lakini kuna tofauti kati ya kuibiwa ufundi na kuufundisha, na Wamunyu ilipata walimu.

Namna ya kufundisha haikuwa ya darasani. Mtoto hukaa karibu na baba yake au mjomba wake. Kwanza hupewa kazi ya kusugua kwa msasa sanamu iliyokwisha kuchongwa na mkono wa mkubwa. Kwa kusugua, vidole vyake hujifunza umbo kabla hajashika chuma. Hujua shingo ya swala inavyopinda, na mahali ambapo bega linakutana na mguu. Baada ya hapo hupewa kisu amalizie masikio na macho. Kisha tezo, na mwisho kabisa shoka, lile la kukata umbo la kwanza kutoka gogo tupu. Kwa mtazamaji, shoka linaonekana kuwa kazi ya nguvu tu. Mchongaji anajua kwamba ndiyo kazi ya akili, kwa sababu pigo likipotea hapo hakuna msasa utakaoliponya.

Wake na watoto walihesabiwa katika kazi hii tangu zamani, kwa kusugua na kung'arisha. Jina la mchongaji husikika, lakini kinyago kingi kilimalizwa na mkono wa mama. Na kila mchongaji hujichagulia umbo lake. Yuko wa twiga, yuko wa kifaru, yuko wa vijiko vya saladi, na mtu akishachonga twiga kwa miaka 20 hana haja ya kipimo. Wanakwaya watalielewa jambo hili bila maelezo mengi. Soprano haimwonei alto wivu, wala besi haidharau tena. Kila sauti hukaa mahali pake mpaka iwe mazoea, na wimbo hukamilika kwa wote.

Mutisya hakuishi kuona Vita vya Pili vya Dunia, wala hakuona ukubwa wa alichokianzisha. Alipolazwa katika udongo wa Ukambani, uchongaji ulikuwa bado kazi ya watu wachache wa kijiji kimoja. Hakuacha kampuni wala jumba. Aliacha wanafunzi.

Yaliyofuata

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu kwa Ukambani. Mwaka 1938 serikali iliamua kupunguza mifugo kwa nguvu, ikichukua ng'ombe za watu kwa hoja kwamba zinaharibu ardhi. Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya Wakamba kwa miguu mpaka Nairobi kumwona gavana, nao wakapiga kambi huko kwa majuma. Serikali ikampeleka Muindi kifungoni Lamu, lakini ikaacha kuchukua ng'ombe kwa nguvu. Katika nyakati kama hizo, nyumba iliyokuwa na tezo ilikuwa na mlango mwingine wa riziki.

Vilipokuja Vita vya Pili, askari wengi kutoka nje walikaa Kenya, nao walitaka kitu cha kupeleka kwao. Soko likapanuka ghafla. Ile njia ya misafara ya mababu ikafunguka tena: wachuuzi wa Kikamba wakabeba vinyago mpaka Nairobi, Mombasa na miji mingine ya Afrika Mashariki, wakivitandaza kando ya barabara na nje ya hoteli. Kufikia miaka ya 1950 vinyago vya Wakamba vilikuwa vikisafirishwa kwa wingi mpaka maduka ya Ulaya na Marekani.

Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, wachongaji wa Kikamba walioko Mombasa waliungana wakaunda chama chao cha ushirika huko Changamwe, na mamia ya mafundi wakafanya kazi pamoja chini ya mabanda yake. Hapa Wamunyu nako kukawa na ushirika na duka lake, ambako kila fundi huleta kazi yake na kulipwa inapouzwa. Shule zikalipiwa karo kwa vinyago. Mabati yakapanda juu ya nyumba. Walimu, wauguzi, wachungaji na waimbaji wengi wa eneo hili walisomeshwa kwa tezo la mzazi.

Kudharauliwa, na namna ya kutazama

Pamoja na mafanikio hayo kulikuja dharau. Wasomi wengi wa sanaa walipotazama vinyago vya Wamunyu waliviita sanaa ya watalii, bidhaa zinazofanana, zisizostahili kuwekwa katika majumba ya makumbusho. Walitaka kinyago cha Kiafrika kiwe cha matambiko na cha kale. Kilichochongwa juzi kwa ajili ya kuuzwa hakikuwapendeza. Na sisi wenyewe tukapokea dharau hiyo kimyakimya. Ni nyumba ngapi za Wamunyu zilizo na kinyago sebuleni, kilichowekwa kwa sababu mwenye nyumba anakipenda?

Ni kweli kwamba kazi nyingine huchongwa kwa haraka, kwa sababu mnunuzi amebana bei na watoto wanangoja chakula. Lakini kazi ya haraka haifuti kazi njema. Yule anayetaka kujua sanaa hana haja ya kusafiri mbali. Chukua vinyago viwili vya swala kutoka meza moja. Vizungushe mkononi, usiangalie upande mmoja tu. Tazama kama mnyama anasimama kwa uzito wake mwenyewe au anaegemea. Tazama kama fundi aliifuata mishipa ya mbao, ili pembe nyembamba isivunjike. Pitisha kidole katika mahali pasipoonekana, chini ya tumbo na kati ya miguu, kwa maana huko ndiko uaminifu wa fundi unakopimwa. Chunguza kama weusi ni wa mpingo wenyewe au ni rangi ya viatu iliyopakwa juu ya mti mwingine. Ukifanya hivyo mara chache, macho yako yatakuwa yameanza shule.

Shule rasmi za sanaa zilikuja baadaye katika nchi zetu. Margaret Trowell, Mwingereza aliyewahi kuishi Machakos na mumewe daktari na kuvutiwa na kazi za mikono za Wakamba, alianzisha mafunzo ya sanaa Makerere, Uganda, mwaka 1937, na wasanii wengi wa Afrika Mashariki walipita hapo. Wakati huo shule ya chini ya mti hapa Wamunyu ilikuwa na umri wa karibu miaka 20. Haikutoa vyeti, ndiyo sababu imesahaulika katika vitabu vingi.

Maandiko hayakuisahau kazi ya namna hii. Katika kitabu cha Kutoka tunasoma habari za Bezaleli wa kabila la Yuda, ambaye Mungu alimjaza roho na maarifa ya kufanya kazi za dhahabu, fedha, shaba, mawe na kuchonga miti kwa ajili ya hema. Na sura ya 35 inaongeza neno ambalo mara nyingi tunalipita haraka: kwamba Mungu alitia moyoni mwake, yeye na Oholiabu, karama ya kufundisha. Ustadi na kufundisha vimewekwa pamoja.

Hatari iliyo mbele yetu

Leo kuna hatari mbili juu ya urithi huu. Ya kwanza ni miti. Mpingo ulipoadimika, wachongaji waligeukia muhugu, mti mgumu wenye harufu nzuri usiopasuka kwa urahisi. Nao muhugu hukua polepole sana, kiasi kwamba mti unaofaa kwa gogo la kuchongea huhitaji miongo mingi. Misitu ikakatwa kuliko inavyoweza kuota. Tangu miaka ya 1990 mafundi wamehimizwa kutumia miti inayokua upesi, kama jakaranda, mwarobaini na mwembe uliozeeka. Mbao zake ni nyepesi zaidi na hupasuka zikikaushwa vibaya, lakini mikono iliyoweza mpingo inaweza pia kuzizoea. Anayependa uchongaji na apande miti, kwa maana anayechonga bila kupanda anakula mbegu.

Hatari ya pili ni kusahau. Vinyago vingi vimetoka Wamunyu bila jina la fundi. Viko katika nyumba za Ulaya, Marekani na Asia, na anayevifuta vumbi hajui ni mkono wa nani. Vijana wanaona tezo kuwa kazi ya wazee, na mzee mmoja akifariki, umbo alilolijua yeye peke yake huondoka naye. Hata Mutisya mwenyewe amebaki jina na simulizi fupi. Kama tungelimwandika mapema, tungelikuwa na mengi zaidi ya kuwasomea watoto.

Wanakwaya, hatari hiyo ni yenu pia. Nyimbo nyingi tunazoimba tulizipokea kwa mdomo kutoka kwa walimu waliopita. Nyingine zilitoka kwa kwaya za mbali, zikavaa Kikamba na ngoma zetu, kama ule ufundi wa Uzaramo ulivyovaa sura ya swala wa Ukambani. Ni nani aliyetunga? Ni nani aliyeweka sauti ya besi ilivyo? Ni nani aliyetufundisha kuingia pamoja baada ya mstari wa tatu? Majina hayo yanajulikana leo na watu walioketi katika ibada hii. Baada ya yubilei ijayo huenda yasijulikane na yeyote.

Kwa hiyo tunaomba kila mwanakwaya afanye jambo dogo kabla ya mwaka huu kuisha. Chukua wimbo mmoja unaoupenda, umwendee mzee anayeujua, uandike jina la aliyeutunga au aliyeuleta, na mahali ulikotoka. Na kila mzazi mwenye karakana au jirani mwenye karakana, ampeleke mtoto akasugue kinyago kimoja kwa msasa na kuambiwa jina la Mutisya wa Munge.

Tunamshukuru Mungu kwa ajili ya mtu aliyerudi kutoka vitani akiwa na ufundi mikononi, kwa ajili ya Wazaramo waliomwonyesha, na kwa ajili ya kila mwalimu wa mbao na wa nyimbo aliyefuata. Bwana aibariki mikono ya wachongaji wetu na sauti za waimbaji wetu, na awape wote wanafunzi.